Jinsi ya Kusikiliza Mkusanyiko wa Nyimbo Bora za Eric Clapton

Mkusanyiko wa nyimbo bora huandaliwa ili kumvutia mnunuzi, nao hufanya kazi hiyo kwa kuziweka nyimbo zilizopendwa zaidi bega kwa bega, kana kwamba zote zilipigwa na mkono uleule katika hali ileile. Kwa mpiga gitaa aliyeanza kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambaye ameendelea kufanya hivyo katika karne hii, mpangilio wa namna hiyo huficha jambo lililo muhimu kuliko yote. Eric Clapton, aliyezaliwa Ripley katika kaunti ya Surrey, Uingereza, tarehe 30 Machi 1945, alijenga jina lake kwa kuacha. Mara kwa mara alipopata sauti iliyowapendeza watu, aliiacha na kwenda kutafuta nyingine, hata pale ambapo kubaki kungempa fedha na sifa kwa urahisi zaidi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuusikiliza mkusanyiko wake ili kuachana huko kusikike, na namna ya kutoka humo hadi kwa watu waliozitunga nyimbo nyingi alizozipiga.

Kuchagua mkusanyiko wenyewe

Mikusanyiko ya Clapton ni mingi, na tofauti iliyopo kati yake haitokani sana na ladha ya aliyezichagua nyimbo bali na mikataba. Rekodi zake za miaka ya 1970 hadi 1981 zilitoka chini ya Polydor na lebo ya RSO, ambayo baadaye ilimezwa na Polydor; kuanzia albamu ya mwaka 1983 alirekodi chini ya lebo yake mwenyewe, Duck, iliyosambazwa na Warner. Ndiyo maana Time Pieces ya mwaka 1982, yenye nyimbo 11, inahusu miaka ya sabini peke yake, na Clapton Chronicles ya mwaka 1999 inaanzia katikati ya miaka ya themanini kana kwamba Cream, bendi aliyoipigia miaka ya sitini, haikuwahi kuwapo. Anayenunua mojawapo ya hizo akidhani amepata maisha yote ya mpigaji huyu atakuwa amepata nusu, tena nusu iliyokatwa na wanasheria.

Kwa kazi tunayokusudia, ninapendekeza Complete Clapton ya mwaka 2007, yenye diski mbili na nyimbo 36, kwa sababu inavuka mpaka huo wa mikataba. Hata hivyo, nayo inaanza na Cream, hivyo inaruka bendi mbili za mwanzo ambazo bila hizo hadithi haieleweki. Mwenye uwezo na atafute Crossroads ya mwaka 1988, yenye nyimbo 73, ambayo inaanzia kwa bendi ya Yardbirds na kupitia ile ya John Mayall kabla ya kufika kwa Cream. Asiyetaka mzigo mkubwa kiasi hicho anaweza kuchukua Complete Clapton na kuiongezea albamu moja tu, Blues Breakers ya mwaka 1966, ambayo Clapton aliipiga akiwa na Mayall.

Kabla ya kuanza

Panga nyimbo upya kufuata mwaka zilipoimbwa au kupigwa, hata kama diski imezipanga kwa namna nyingine, na kando ya kila wimbo andika mambo manne: mwaka, bendi, aina ya gitaa iwapo inajulikana, na jina la mtunzi. Jina la mtunzi ndilo litakalokufaa zaidi mwishoni, nalo ndilo ambalo wasikilizaji wengi hawalisomi kamwe. Rekebisha sauti ya spika kila unapotoka muongo mmoja kwenda mwingine, kwa kuwa rekodi za miaka ya tisini hutolewa zikiwa na sauti kubwa kuliko zile za miaka ya sitini, na sikio huichukulia sauti kubwa kuwa ndiyo sauti bora hata kama sivyo. Usisikilize mkusanyiko wote kwa mara moja. Kipindi kimoja cha maisha yake kinatosha kwa siku.

Jifunze pia kuhesabu vipimo 12, kwani bila hesabu hiyo bluzi, mtindo wa muziki wa Wamarekani Weusi, husikika kama wimbo unaojirudia bila sababu. Kila kipimo kina mapigo manne. Kwa kawaida vipimo vinne vya mwanzo hukaa katika sauti ya nyumbani, yaani ile ambayo wimbo huiegemea na kuirudia. Viwili vinavyofuata hupanda hadi sauti ya nne ya ngazi, na viwili vingine hurejea nyumbani. Vinne vya mwisho hupanda hadi sauti ya tano, hushuka kupitia ya nne na kumalizikia nyumbani. Mwimbaji hutoa mstari mmoja, huurudia, kisha hutoa jibu katika mstari wa tatu, na gitaa hujaza nafasi inayoachwa mwishoni mwa kila mstari. Hesabu kwa vidole hadi mzunguko huo uingie mwilini, na utaanza kutambua kwamba solo nzuri, yaani sehemu ambayo chombo kimoja hupewa nafasi ya kuongoza, ni ile inayojua iko katika kipimo cha ngapi.

Miaka ya 1965 hadi 1968, kipindi cha kukaa nacho muda mrefu

Mwezi Machi mwaka 1965 Yardbirds walitoa For Your Love, wimbo uliotungwa na Graham Gouldman na kupambwa kwa kinanda cha hapsikodi, nao ukapendwa sana. Clapton aliondoka wakati huohuo, kwa sababu alitaka kupiga bluzi na aliona bendi inaelekea kwenye pop. Ukiwa na Crossroads, sikiliza wimbo huo kwa makini na utafute gitaa lake: utagundua kwamba halina kazi kubwa ya kufanya, na sababu ya kuondoka kwake itakuwa wazi kuliko maelezo yoyote ya maandishi.

Baada ya hapo alijiunga na John Mayall, na hapa ndipo sauti iliyoifanya bluzi kuwa roki ilipopatikana. Clapton alichukua gitaa la Gibson Les Paul, akaliunganisha na amplifaya ya Marshall, na akakataa kupunguza sauti ndani ya studio ingawa mafundi wa wakati huo walizoea kurekodi magitaa kwa sauti ya chini. Amplifaya ikifunguliwa kiasi hicho huanza kulemewa, na kulemewa huko ndiko kunakoifanya nota iwe nene na idumu muda mrefu baada ya uzi kupigwa. Sikiliza Hideaway, ambayo Freddie King aliirekodi kabla yake, na All Your Love ya Otis Rush. Kisha sikiliza Ramblin' on My Mind, wimbo wa Robert Johnson ambao Clapton aliuimba mwenyewe kwa sauti ya kijana mwenye haya, huku gitaa likiwa na uhakika wote ambao koo lake halikuwa nao. Tofauti kati ya koo na mkono wake ni jambo la kufuatilia katika mkusanyiko mzima, maana miaka mingi ilipita kabla viwili hivyo havijalingana.

Albamu ile ilitoka Julai 1966, na kufikia wakati inatoka Clapton alikuwa tayari anaunda Cream pamoja na Jack Bruce katika besi na Ginger Baker katika dramu. Nyimbo za Cream katika mkusanyiko zisikilize kila moja angalau mara mbili: mara ya kwanza kwa gitaa pekee, mara ya pili kwa besi na dramu, kwa sababu katika bendi hii hakuna aliyekubali kuwa nyuma ya mwenzake.

Katika Sunshine of Your Love, subiri solo. Inaanza kwa kunukuu sauti za wimbo wa zamani wa mapenzi, Blue Moon, halafu inaziacha na kwenda njia yake. Sauti ya gitaa hapo ni ya mviringo, haina makali, kwa sababu Clapton alikifunga kabisa kitufe cha toni kwenye gitaa huku amplifaya ikiwa imefunguliwa, na hivyo zikabaki sauti nene bila kelele za juu. Katika White Room, hesabu utangulizi: kila kipimo kina mapigo matano, si manne, na hali ile ya kutotulia inayosikika hapo inatokana na pigo hilo la ziada. Mbele kidogo gitaa linapita katika kanyagio la wah-wah, ambalo hufungua na kufunga sauti kama kinywa cha mtu anayesema. Badge, aliyoitunga pamoja na George Harrison, ni somo la uvumilivu: gitaa lenye kung'aa, lililopitishwa katika spika inayozunguka ya aina ya Leslie, linajitokeza katikati ya wimbo tu, na kwa kuwa limecheleweshwa linabadilisha kila kitu.

Wimbo wa Crossroads ulirekodiwa mbele ya watazamaji katika ukumbi wa Winterland, San Francisco, Machi 1968, na ninauhesabu kuwa ndio unaostahili muda mwingi kuliko mwingine wowote katika mkusanyiko. Tumia hapa hesabu ya vipimo 12. Kuna solo mbili. Katika ya kwanza, angalia jinsi Clapton anavyokamilisha sentensi ya muziki ndani ya mstari wa vipimo vinne na kuacha pumzi. Katika ya pili anapanda hadi sauti za juu, anabana nafasi za pumzi, na sentensi zake zinaanza kuvuka mipaka ya mistari. Chini yake Bruce hapigi besi ya kusindikiza. Anapiga solo yake mwenyewe, na Baker naye halali. Baada ya kusikiliza mara kadhaa utaelewa kwa nini bendi kama hii haikuweza kudumu. Ilipiga onyesho lake la kuaga katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, tarehe 26 Novemba 1968, ikiwa bado inajaza kumbi. Clapton alikuwa amesikia albamu ya kwanza ya bendi iitwayo The Band, Music from Big Pink, ambamo wapigaji wanajizuia na kuutumikia wimbo, na akataka naye kupiga hivyo.

Layla mara mbili

Baada ya Blind Faith, bendi iliyodumu kwa muda mfupi mwaka 1969, tunafika Novemba 1970 na albamu ya bendi yake nyingine, Derek and the Dominos, iliyorekodiwa katika studio ya Criteria huko Miami chini ya mtayarishaji Tom Dowd. Jina la wimbo Layla lilitokana na kisa cha Laila na Majnun kama kilivyoandikwa na mshairi Nizami, na maumivu yaliyomo yalikuwa ya Clapton mwenyewe, kwa kuwa alimpenda Pattie Boyd, ambaye wakati huo alikuwa mke wa rafiki yake George Harrison.

Hakikisha kwanza kwamba mkusanyiko wako una wimbo kamili, wa zaidi ya dakika saba. Wimbo uliotolewa kwa ajili ya redio mwaka 1971 ulikatwa ukabaki chini ya dakika tatu, na mkato huo uliondoa nusu yote ya pili yenye piano, ambayo ilirekodiwa wiki chache baada ya nusu ya kwanza na kuunganishwa nayo. Ukishapata ulio kamili, tenganisha magitaa. Sauti zile za juu kabisa zinazolia bila kufuata vituo vya mpini ni za mpiga gitaa mwenzake Duane Allman, anayetelezesha kichupa juu ya nyuzi; Clapton naye anapiga Fender Stratocaster, gitaa lenye sauti nyembamba na yenye makali kuliko Gibson za miaka ya nyuma. Kuhama kutoka Gibson kwenda Stratocaster ni kuachana kwingine, nako kunasikika hata kwa sikio lisilozoea: sauti inakonda, inasogea karibu na sauti ya mwanadamu, na makosa madogo ya mkono hayana tena pa kujificha.

Kisha usipige wimbo mwingine wowote katikati; nenda moja kwa moja kwenye Layla ya Januari 1992, iliyorekodiwa mbele ya watu wachache katika studio za Bray, Uingereza, kwa ajili ya kipindi cha Unplugged cha televisheni ya MTV. Gitaa ni kavu, lisilo la umeme, mwendo umepunguzwa hadi kuwa wa kutembea, sauti ya kuimba imeshuka, na sehemu ya piano ya mwisho haimo. Wapo wanaoona kwamba Clapton aliuharibu wimbo wake kwa kuupoza. Mimi sikubaliani nao. Mtu wa miaka 25 anayeomba kupendwa na mtu wa miaka 46 anayekumbuka kwamba aliwahi kuomba hawawezi kuimba kwa kasi ileile, na mkusanyiko unaoziweka nyimbo hizi mbili pamoja unampa msikilizaji kitu ambacho albamu moja haiwezi kukitoa. Albamu ya Unplugged iliyotokana na kipindi hicho ilishinda tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka mwaka 1993.

Tears in Heaven, iliyotungwa pamoja na Will Jennings baada ya kifo cha Conor, mtoto wa Clapton, aliyefariki Machi 1991 akiwa na miaka minne, isikilize kwa gitaa la nyuzi za nailoni. Hakuna nota iliyovutwa kwa nguvu humo.

Miaka inayoweza kupitwa haraka

Nyimbo za miaka ya themanini hazihitaji muda mwingi. Warner ilipoletewa albamu ya mwaka 1985 haikuridhika, ikadai nyimbo zenye uwezo wa kuuzika, na Forever Man ya mtunzi Jerry Lynn Williams ni mojawapo ya zilizoongezwa kujibu dai hilo. Ni wimbo uliopigwa vizuri, lakini sikiliza dramu na vinanda vyake na utaona jinsi gitaa linavyopewa chumba kidogo ndani ya nyumba iliyojengwa na wengine. Bad Love ya mwaka 1989 inajitahidi kurudisha ukali wa zamani. Zisikilize ili ujue alikopitia, kisha endelea.

Kufuata nyimbo hadi kwa wenyewe

Sasa rudi kwenye orodha uliyoandika na usome safu ya watunzi. Utakuta kwamba nyimbo nyingi zilizompa Clapton umaarufu si zake. I Shot the Sheriff, uliofika namba moja Marekani Septemba 1974, ni wa Bob Marley. After Midnight na Cocaine ni za J.J. Cale. Crossroads ni wa Robert Johnson, aliyeurekodi San Antonio, Texas, Novemba 1936, na aliyefariki mwaka 1938 akiwa na miaka 27.

Hapa pana jambo ambalo hakuna mkusanyiko utakaolitaja na ambalo msikilizaji makini anapaswa kulijua. Agosti 1976, akiwa jukwaani Birmingham, Clapton alitoa matamshi ya kibaguzi dhidi ya wahamiaji na kumuunga mkono Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga uhamiaji. Hasira iliyozuka ilichangia kuzaliwa kwa vuguvugu la Rock Against Racism. Miaka mingi baadaye alisema kwamba aliona aibu kwa maneno yale. Hilo halifuti uzuri wa solo za Winterland, lakini mtu aliyekula kutoka katika sahani ya wanamuziki Weusi wa Mississippi, Chicago na Jamaika alikuwa na deni kwao kuliko wengi, na ni haki kwamba sisi tunaomsikiliza tulilipe angalau kwa kuwatafuta na kuwasikiliza wenyewe.

Fanya hivyo kwa jozi. Weka Cross Road Blues ya Johnson mbele ya Crossroads ya Cream na ujaribu kuhesabu vipimo 12 kama ulivyojifunza. Hesabu itakuponyoka, kwa maana Johnson, akiwa peke yake na gitaa lake, hurefusha au kufupisha kipimo kulingana na pumzi ya sauti yake, jambo ambalo bendi ya watu watatu haiwezi kulifanya bila kugongana. Cream walilazimika kuunyoosha wimbo ili waweze kuupiga kwa pamoja. Weka All Your Love ya Otis Rush mbele ya ile ya mwaka 1966, kisha I Shot the Sheriff ya Marley ya mwaka 1973 mbele ya ile ya Clapton, na usikilize besi: kwa Marley besi ndiyo inayoongoza, kwa Clapton imerudi nyuma ili kutoa nafasi kwa sauti.

Kwa B.B. King, mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi, una bahati, kwa kuwa wawili hao walirekodi pamoja albamu ya Riding with the King mwaka 2000, na wimbo wenye jina hilo umo katika Complete Clapton. Zoezi lake ni kuwatofautisha bila kutazama popote. King hupiga nota chache, huitetemesha ile ya mwisho kwa mtikisiko wa haraka wa mkono wa kushoto, kisha hunyamaza ili aimbe. Clapton husema kwa sentensi ndefu zaidi.

Kwa J.J. Cale matoleo ya kulinganisha ni matatu. After Midnight ya Clapton ya mwaka 1970 ni ya kasi na yenye shangwe. Ile ambayo Cale mwenyewe aliitoa katika albamu yake Naturally inakwenda polepole, na sauti yake karibu inazama ndani ya magitaa. Mkusanyiko wa Crossroads una toleo la tatu, ambalo Clapton alilirekodi upya katika miaka ya themanini, na safari hii alipunguza mwendo na kusogea kwa Cale. Mwaka 2006 walitoa albamu ya pamoja, The Road to Escondido, na baada ya Cale kufariki Julai 2013 Clapton alimtolea albamu nzima ya nyimbo zake. Anza na Naturally, uisikilize yote kwa sauti ya chini, na uandike majina ya nyimbo ambazo ungependa Clapton angezipiga.